Mambo ya Magari: Oili Ifaayo Difu ya Pikapu ya Zamani

Chepilat ni soko lililo mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, kando ya barabara kuu itokayo Sotik kwenda Kisii. Mtu apitaye hapo siku yo yote ya juma ataona pikapu nyingi zilizokwisha kula chumvi nyingi: Toyota Hilux, Isuzu, Datsun, na mara moja moja Peugeot ambayo rangi yake ya kwanza haijulikani tena. Magari haya hayadharauliwi na wenyewe. Alfajiri huchukua mikebe ya maziwa, mchana huchukua ndizi, mabati na magunia ya mbolea ya chai, na usiku, mama akishikwa na uchungu au mtoto akizidiwa na homa, ndiyo yampelekayo hospitali ya Kaplong. Basi pikapu ikikwama njiani, hasara haimwangukii mwenyewe peke yake.

Wenye magari wengi hutazama oili ya injini kila juma, na maji ya rejeta kila asubuhi. Lakini lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambalo mafundi huliita difu, halina taa ya kuonya wala kijiti cha kupimia, na kwa hiyo husahauliwa. Yawezekana gari limenunuliwa mkononi mwa mtu wa tatu au wa nne, na hapana ajuaye oili iliyomo ndani ya difu ilitiwa mwaka gani. Hukumbukwa siku difu ianzapo kulia, na aghalabu siku hiyo meno yamekwisha kulika.

Kazi ya difu ni mbili. Ya kwanza ni kupokea nguvu kutoka shafti ya propela, ambayo huzunguka kufuata urefu wa gari, na kuigeuza ili iyazungushe magurudumu. Ya pili ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya nyuma yaende kwa mwendo usiolingana. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa katika chuma kimoja, moja lingeburuzwa, na mipira ingekwisha upesi. Maarifa haya si mageni: Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1828, kwa ajili ya gari la mvuke, kabla hata injini ya petroli haijafikiriwa.

Ndani yake mna gia ndogo iitwayo pinieni na gia kubwa iitwayo krauni. Pinieni ikiwa na meno 10 na krauni meno 41, basi shafti huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja, na hapo ndipo gari lipatapo nguvu ya kupanda mlima na mzigo. Tangu miaka ya 1920 watengenezaji walianza kuishusha pinieni chini ya kitovu cha krauni, ili shafti ipite chini zaidi na meno yawe marefu na yenye nguvu. Mpango huo huitwa haipoidi, nao ndio uliomo katika karibu pikapu zote za nyuma-kuvuta zionekanazo Chepilat. Faida yake ni kubwa, lakini ina sharti lake. Meno ya haipoidi hayagusani na kuachana tu kama meno ya gia za kawaida. Huteleza moja juu ya jingine, yakiwa yamekandamizwa kwa nguvu nyingi mno. Oili ya kawaida ikitiwa mahali kama hapo hukamuliwa ikatoka, chuma kikagusa chuma, na joto likapanda.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitengeneza oili yenye dawa za salfa na fosforasi. Dawa hizo hutulia tu mpaka meno yapate moto kwa kukandamizana. Hapo huungana na chuma na kufanya utando mwembamba sana juu yake. Utando ndio uparuzwao badala ya chuma chenyewe. Ile harufu kali ya oili ya difu, inayofanana na kibiriti au yai bovu, imetoka katika salfa hiyo. Watu hudhani kuwa oili inukayo imeoza. Sivyo, inayotia shaka ni ile isiyonuka hata kidogo.

Sasa yafaa kuangalia maandishi yaliyo juu ya kopo, maana hapo ndipo wengi wapoteapo. Maandishi ni ya namna mbili, na kila moja lina habari yake. Ya kwanza ni herufi GL pamoja na tarakimu, ambazo zimewekwa na chama cha mafuta cha Marekani kiitwacho API. Hizo hueleza wingi wa dawa na aina ya kazi. GL-1 haina dawa. GL-4 ina dawa kiasi, nayo imekusudiwa hasa gia boksi za mkono. GL-5 ina dawa nyingi, karibu maradufu ya GL-4, na ndiyo iliyokusudiwa difu za haipoidi. Kwa difu ya pikapu kama Hilux, Isuzu au Datsun ya miaka ya 1970 hata 1990, jibu ni GL-5, wala hapana haja ya kubishana.

Bali isidhaniwe kuwa GL-5 ni bora kuliko GL-4 kwa kila kazi, kama vile tano ilivyo zaidi ya nne. Gia boksi za zamani zina pete za shaba zisaidiazo gia kuingia bila kelele, na dawa nyingi za GL-5 huweza kuila shaba hiyo polepole. Fundi anunuaye kopo moja kubwa la GL-5 na kulimimina katika difu na katika gia boksi pia huokoa dakika kumi, na baada ya muda mwenye gari huanza kulalamika kuwa gia ya pili ni ngumu kuingia.

Maandishi ya pili ni tarakimu za uzito, kama SAE 90, 80W-90 au 85W-140. Hapa pana mazungumzo yanayosikika mara kwa mara madukani. Mzee anaingia na kusema, “Kijana, nipe oili ya difu.” Mwuzaji anauliza, “Tisini au mia na arobaini, mzee?” Mzee anafikiri kidogo, anaikumbuka difu yake inavyolia, anajibu, “Nipe hiyo kubwa.” Hapana aliyeuliza habari ya GL, na hapana aliyekitazama kitabu cha gari.

Ukweli ni kuwa tarakimu hizi si daraja za ubora. Huonyesha jinsi oili ilivyo nzito au nyepesi ikiwa moto, na ile yenye herufi W huonyesha jinsi itiririkavyo katika baridi. Vitabu vya Toyota vya Hilux za zamani vilieleza kwa ufupi: mahali ambapo baridi haishuki chini ya digrii 18 chini ya sifuri, tia GL-5 ya SAE 90, mahali penye baridi kuliko hapo, tia 80W au 80W-90. Mji wa Kericho uko juu kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ni kweli kwamba miaka mingine jalidi huunguza majani ya chai katika mabonde. Lakini baridi ya namna ile ya Ulaya haijulikani huku. Kwa hiyo SAE 90 yatosha kabisa, na 80W-90, ambayo ndiyo ipatikanayo madukani kwa wingi siku hizi, yafaa vile vile, tena hutiririka upesi zaidi asubuhi yenye ukungu. Ile 75W-90 ya kisasa, itengenezwayo kwa ufundi wa kemia, haina ubaya ikiwa ni GL-5, lakini bei yake ni kubwa na pikapu ya mkulima haitaona tofauti kubwa.

Je, 85W-140? Hiyo ina mahali pake: gari lichukualo mzigo mzito kila siku katika joto, au difu iliyochakaa ambayo mwenyewe amekwisha kukata shauri kuitumia mpaka mwisho wake. Oili nzito hupunguza kelele, kwa kuwa hujaza nafasi iliyo kati ya meno yaliyolika. Lakini haikuzi meno mapya. Asubuhi ya baridi gari huwa zito kuondoka, na petroli au dizeli huliwa zaidi. Mwenye difu nzima hana sababu ya kuinunua.

Kosa jingine hutokana na hesabu. Watu huona injini hutumia oili ya 40 na difu hutumia 90, wakadhani ya pili ni nzito zaidi ya mara mbili. Vipimo hivyo viwili havikutoka katika mizani moja. SAE 40 ya injini na SAE 90 ya gia, zikipata moto, huweza kuwa karibu sawa kwa uzito. Tofauti yao kubwa imo katika zile dawa. Ndiyo maana mtu atiaye oili ya injini katika difu huona gari linakwenda vizuri kwa muda, akajisifu kuwa amepunguza gharama, na huku meno yanaparuzana bila kinga. Wala fundi asemaye “hii Isuzu hutumia oili ya injini” si mwongo mara zote: baadhi ya gia boksi za Isuzu za miaka ile kweli ziliandikiwa oili ya injini. Ila gia boksi ni gia boksi, na difu ni difu.

Wako wachache ambao habari ya GL-5 haiwahusu, nao ni wenye Peugeot 404, gari lililotolewa mwaka 1960. Hilo ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na wazee wengi wa nchi ya chai walisimama kando ya barabara kuliona likipita katika matope. Difu yake si ya haipoidi. Ina skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Jambo lililosemwa juu ya pete za gia boksi hapa huwa kubwa zaidi, kwa kuwa gia yenyewe ndiyo shaba. Mwenye kuwa na gari hilo asikubali kutiliwa oili kwa kubahatisha. Afuate kitabu cha gari lake, au amtafute fundi aliyelizoea tangu zamani.

Kuna pia difu zenye vibamba vya kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure katika matope. Hizo hutaka oili iliyoandikwa LS juu ya kopo, la sivyo vibamba hushikana na kugutuka gari likikata kona. Njia ya kuitambua si ngumu. Magurudumu ya mbele yafungwe kwa mawe, injini izimwe, gia iwe huru, breki ya mkono ilegezwe, na magurudumu yote mawili ya nyuma yainuliwe na ekseli ikae juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake. Gurudumu moja likizungushwa kwa mkono, na la pili likageuka upande wa kinyume, difu hiyo ni ya kawaida. Yote mawili yakigeuka upande mmoja, ina vibamba, na oili ya LS yahitajiwa.

Lakini adui mkubwa wa difu katika nchi hii hatokani na dukani. Ni maji. Mvua hunyesha karibu miezi yote, na njia za kuteremka kutoka barabara ya lami hadi mashambani hukata vijito na madimbwi. Difu iliyofanya kazi huwa moto, na hewa iliyomo ndani yake imetanuka. Gari likiingia kijitoni, chuma hupoa ghafula, hewa husinyaa, na difu huvuta pumzi kama mtu. Kwa ajili hiyo juu ya ekseli pamewekwa kitundu kidogo cha kupumulia chenye kifuniko. Katika pikapu za zamani kitundu hicho aghalabu kimezibwa kwa udongo mwekundu uliokauka, na wenyewe hawajui hata kuwa kipo. Kikizibika, difu huvuta kupitia penye mihuri ya mpira, mafundi huita sili, na kinachoingia ni maji pamoja na matope laini. Kifuniko hicho kinafaa kusafishwa kila gari linapooshwa, na kizunguke kwa vidole bila kushika. Kazi yenyewe haigharimu hata senti moja. Wenye magari yapitayo mtoni kila siku huunganisha mpira mwembamba hapo na kuupandisha juu karibu na bodi, jambo la busara sana.

Kitundu kilichozibika kina madhara ya pili, nayo yaogopesha zaidi. Difu ikipata moto na hewa isipate pa kutokea, oili husukumwa nje kupitia sili za mwisho wa ekseli, ikaingia katika ngoma za breki na kulowesha viatu vyake. Hali ni hiyo hiyo oili ikitiwa kupita kiasi. Gari lenye viatu vya breki vilivyolowa oili halisimami sawasawa, nayo miteremko ya nchi ya chai inajulikana. Kwa hiyo alama nyeusi yenye unyevu upande wa ndani wa gurudumu la nyuma haifai kungoja mwisho wa mwezi. Sili ibadilishwe, viatu vilivyolowa vitupwe, maana oili ikishaingia ndani yake haitoki kwa kuoshwa na petroli.

Kuibadilisha oili ni kazi ambayo mwenye gari mwenye spana nzuri aweza kuifanya mwenyewe, mradi afuate utaratibu. Kwanza gari liendeshwe maili chache ili oili ipate moto na kuchukua uchafu. Kisha lisimamishwe mahali tambarare. Nati ya kutilia, iliyo ubavuni mwa difu, ifunguliwe kabla ya nati ya chini ya kumwagia. Mafundi wengi vijana hufanya kinyume. Wamemwaga oili yote, ndipo wagundue kuwa nati ya juu imeshika kutu na haifunguki, na gari limelala uani bila oili siku tatu, maziwa yanaharibika.

Oili itokayo ina maneno ya kusema. Ikiwa nyeusi lakini safi, imezeeka tu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Katika hali hiyo haitoshi kuimwaga na kutia nyingine mara moja; yafaa itiwe oili mpya ya aina ile ile iliyo rahisi kwa bei, gari liendeshwe mwendo mfupi bila mzigo, imwagwe tena, kisha ndipo itiwe ile ya kudumu. Kusafisha difu kwa mafuta ya taa, kama wengine wafanyavyo, si vizuri, kwa kuwa masalio yake hubaki katika pembe za ndani na kuifanya oili mpya kuwa nyepesi. Nati ya chini, ikiwa ina sumaku, huonekana imeshika unga laini wa chuma kama lami ya kijivu. Huo ni wa kawaida. Ikiwa imeshika vipande vinavyokwaruza vidole, basi jino limevunjika au beringi imepasuka, na hapana oili duniani itakayoponya hilo.

Oili mpya hutiwa mpaka ianze kutiririka yenyewe kutoka tundu la ubavuni, kisha huachwa itulie, na nati hufungwa pamoja na washa mpya. Pikapu ndogo huchukua lita mbili hivi, lakini kitabu cha kila gari ndicho kisemacho kiasi hasa. Watengenezaji wengi walipendekeza kuibadilisha kila kilometa 40,000, na nusu ya hapo kwa gari lifanyalo kazi nzito. Magunia ishirini ya mbolea ya kilo 50 ni tani moja. Gari lipandalo na tani moja katika matope, na kuvuka kijito mara mbili kwa siku, limo katika kundi la kazi nzito, hata kama mwenyewe hulisifu kuwa halichoki.

Juu ya ununuzi, yafaa kopo liwe limefungwa na kiwanda, lina jina la GL-5 lililochapwa wazi, lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na muhuri wa kifuniko haujakatwa. Oili ipimwayo kwa chupa kutoka pipa lisilo na jina yaweza kuwa oili ya injini iliyotumika, ikachujwa kwa kitambaa. Ikiwa rahisi mno, kuna sababu. Lita mbili za oili halisi ni gharama ndogo mbele ya krauni na pinieni, ambazo kwa pikapu ya zamani hazipatikani mpya kwa urahisi, na mara nyingi humpasa mtu kununua difu nzima iliyotolewa katika gari bovu, naye hajui ilikuwa ikitiwa oili gani huko ilikotoka.

Anunuaye pikapu kuukuu na aombe kuifungua nati ya ubavuni kabla ya kutoa fedha, akitia kidole cha mwisho ndani. Oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu. Aisugue kati ya vidole na kuinusa. Wako wauzaji wadanganyifu watiao vumbi la mbao au grisi nzito ndani ya difu ili kelele ipungue kwa siku chache za mauzo, na vumbi hilo hujulikana mara moja vidoleni. Kisha aliendeshe gari barabarani na kusikiliza: sauti ya kulia iongezekayo mguu ukikanyaga petroli na kubadilika mguu ukiachia ni ya difu, ile isiyobadilika hata mguu ukiachia mara nyingi ni ya beringi za magurudumu, au ya mipira yenyewe.

Oili ya zamani isimwagwe kijitoni wala katika mtaro wa barabara, kwa kuwa maji hayo hayo ndiyo yanywewayo na ng'ombe wa jirani upande wa chini. Iwekwe katika debe lenye kifuniko, lililoandikwa wazi lisije likachanganywa na vyombo vya maziwa, na ipelekwe kwa fundi au kituo cha petroli kipokeacho oili iliyotumika.